Mlio wa Injini Mji Mkongwe: Tupime Umri au Tupime Sauti?

Mjadala wa kelele za vyombo vya moto Unguja una tabia ya kuteleza. Unaanza na pikipiki iliyopita Kiponda usiku wa manane na kuamsha mtaa mzima, na haufiki mbali kabla ya kuwa mjadala wa vyombo chakavu: viondolewe barabarani, visisajiliwe tena, vizuiwe bandarini. Upande wa pili wanasimama wenye vespa walizorithi na wenye daladala za bodi ya mbao, wakisema wanaonewa kwa sababu tu vyombo vyao vina miaka mingi. Katikati yuko mkaazi wa Mji Mkongwe ambaye hana ugomvi na gari ya mtu. Anataka mtoto wake alale.

Suala hili linahitaji kupangwa upya, kwa sababu namna linavyoulizwa sasa haliwezi kupata jibu zuri. Umri wa chombo na ukubwa wa mlio wake vimeshikanishwa mno, hadi imekuwa vigumu kuvitenganisha. Wenye magari ya mashindano ya zamani, watu ambao mlio wa injini kwao ni sehemu ya raha yenyewe, walilazimika kuvitenganisha muda mrefu uliopita, na uzoefu wao una manufaa hata katika vichochoro vya Hurumzi.

Malalamiko matatu tofauti

Anayesema kwamba gari bovu linamsumbua anaweza kuwa na moja kati ya mambo matatu moyoni. La kwanza ni sauti. La pili ni moshi: ule wa buluu wa injini ya mipigo miwili inayounguza oili pamoja na petroli, au mweusi wa dizeli yenye nozeli mbovu. La tatu ni usalama: breki, taa, mipira iliyoisha, bodi iliyooza. Mara nyingi yote matatu hukutana kwenye chombo kimoja, ndiyo maana yanachanganywa, lakini hayana chanzo kimoja wala dawa moja.

Moshi una uhusiano wa karibu na umri. Pete za pistoni huisha, na injini za zamani zilibuniwa kabla ya viwango vya leo vya hewa chafu. Usalama hutegemea zaidi matunzo. Sauti, kwa upande wake, hutegemea kwanza hali ya bomba la moshi na sailensa, halafu mkono wa dereva kwenye mafuta. Vespa ya miaka ya 1970 yenye sailensa yake ya kiwandani ina mlio mkavu unaotambulika kutoka mbali, lakini una mpaka. Pikipiki iliyotolewa kwenye boksi mwaka jana, ikishachokonolewa vizuizi vya ndani ya sailensa, inaipita Vespa hiyo mara nyingi. Sheria inayotazama mwaka wa kutengenezwa itaikamata ya kwanza na kuiachia ya pili.

Sauti inatoka wapi

Kila mara valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi yenye moto na shinikizo kubwa inatoka kwa ghafla na kuigonga hewa ya nje. Idadi ya mishindo hiyo kwa sekunde ndiyo inayofanya mlio uwe mwembamba au mzito, na nguvu ya kila mshindo, pamoja na vizuizi ilivyokutana navyo njiani, ndiyo inayofanya uwe mkubwa au mdogo.

Hesabu yake ni nyepesi. Gari la Formula One la 2005 lilikuwa na silinda 10, na injini ilizunguka karibu mara 19,000 kwa dakika. Hiyo ni mishindo kama 1,580 kwa sekunde, na ndiyo iliyotoa ule ukelele ambao mashabiki wake hawajausahau. Vespa ya silinda moja ya mipigo miwili ikizunguka mara 5,000 kwa dakika hutoa mishindo 83 kwa sekunde. Pikipiki ya mipigo minne kwa mzunguko uleule hutoa 42 tu, kwa kuwa inawaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo mlio wa bodaboda ni mzito kuliko wa Vespa, na sauti nzito ina tabia mbaya ya kupenya: hupita kwenye mlango na kwenye kiambaza cha chumba mahali ambapo sauti nyembamba ingepungua.

Formula One ilibadilisha injini 2014 na kuingia silinda 6 zenye tabo. Katika mbio za kwanza za msimu huo, Melbourne, watu walilalamika kwamba mlio umekufa. Lengo la injini mpya lilikuwa kutumia mafuta vizuri zaidi. Tabo imekaa katikati ya njia ya moshi, inaichukua nguvu iliyokuwa ikitupwa nje na kuirudisha kazini, na injini haihitaji tena kuzunguka kwa kasi ileile. Kelele ilipungua kwa sababu kelele yenyewe ilikuwa nguvu inayopotea. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwa kuwa vijana wengi wanaoichezea sailensa huamini kinyume chake: kwamba bomba lililo wazi linaipa injini nguvu.

Imani hiyo ina asili ya kweli katika mashindano. Kwenye gari la mbio urefu na upana wa bomba hupigiwa hesabu ili mawimbi ya gesi yasaidie kuvuta moshi nje ya silinda katika mzunguko fulani, na kabureta hupangwa upya kulingana na bomba hilo. Pikipiki ya biashara ya ujazo wa 100 au 150 iliyokatwa tu sailensa haikufanyiwa lolote kati ya hayo. Mara nyingi mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mwepesi kupita kiasi, injini inapata joto, na ile nguvu ya kuvutia mzigo kwenye mwendo mdogo, ambayo ndiyo bodaboda anayoihitaji, inapungua. Amenunua sauti kwa kulipa nguvu.

Hata hivyo si kila sailensa iliyotoboka ilitobolewa kwa makusudi. Unguja ni kisiwa, na upepo wake una chumvi. Ndani ya sailensa mna maji yanayotokana na mwako wenyewe. Nje mna chumvi ya bahari. Bati linaliwa pande zote mbili. Mwenye chombo anapeleka kwa fundi wa kuchomelea, kinabandikwa kiraka, kiraka kinadumu kwa muda, kisha kinabanduka. Sailensa za injini za mipigo miwili huziba masizi, na dawa ya haraka ya gereji ni kuzichoma moto au kuzifungua na kutoa vilivyomo ndani. Sehemu kubwa ya kelele tunayoilaumu kama utovu wa adabu imetokana na kutu na bei ya kipuri. Sera ambayo haioni hilo itawapiga faini watu wasio na uwezo wa kutengeneza, na kelele itabaki palepale.

Kuta za mawe na madirisha wazi

Mji Mkongwe unaumia zaidi kuliko mtaa mwingine wowote wa Unguja, na sababu ziko katika ujenzi wake. Mahali pa wazi, sauti hupungua kwa takribani desibeli 6 kila unapozidisha umbali mara mbili. Katika kichochoro chenye kuta ndefu za mawe ya matumbawe na chokaa pande zote mbili, sauti haina pa kutawanyika. Inagonga ukuta huu, inarudi kwenye ule, na inasafiri hadi kona ya mbali ikiwa bado na nguvu. Mtu aliyelala ghorofa ya tatu Mkunazini anaisikia pikipiki tangu inapoingia kichochoroni hadi inapotoka upande wa pili.

Kisha kuna madirisha. Nyumba hizi zilijengwa kupokea upepo. Madirisha yake ni makubwa, yana vibao vya mbao, na hulazwa wazi. Viwango vingi vya kelele vinavyotoka Ulaya vimefikiriwa kwa ajili ya miji ambako watu hulala nyuma ya vioo vilivyofungwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kwa nchi za Ulaya, linashauri kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45 kwa wastani, zikipimwa nje ya nyumba. Mjini Unguja, nje ya nyumba na ndani ya nyumba ni karibu kitu kimoja.

Wapo wanaotetea mlio mkubwa kwa hoja ya usalama: kwenye kona zisizoonekana, wanasema, mwenda kwa miguu anahitaji kusikia chombo kinakuja. Hoja hii ina uzito kidogo tu. Katika kuta zinazoakisi sauti, sikio linatambua kwamba kitu kinakuja lakini linashindwa kujua kinakuja kutoka upande gani. Mwendo mdogo na kengele kwenye kona vinamlinda mwenda kwa miguu vizuri kuliko bomba lililotoboka.

Ikumbukwe pia kwamba injini si jambo geni mjini hapa. Kuanzia 1905 reli ya kwenda Bububu ilianzia Ngome Kongwe na kupita katikati ya mitaa, karibu kabisa na milango ya watu, hadi huduma ya abiria ilipokoma 1922. Na katika giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini wa kuleta umeme kutoka Bara ulipoharibika, majenereta yalinguruma mchana na usiku kwenye maduka, hoteli na baraza za nyumba kwa miezi mitatu. Waya mpya ulipokamilika 2013, majenereta mengi yalinyamaza, lakini hayakuondoka. Kanuni inayotazama magurudumu peke yake itayaacha hayo nje, ilhali jenereta lililofungwa ukutani pa jirani linasumbua kwa saa, na pikipiki inasumbua kwa sekunde.

Wenye mashindano walifanyaje

Uwanja wa Brooklands, ulioko Surrey nchini Uingereza, ulifunguliwa 1907 kwa ajili ya mbio za magari. Majirani wake walikuwa watu wenye uwezo na mawakili, na malalamiko yao yalifika mahakamani. Matokeo yake yalikuwa mawili. Magari ya mbio yalilazimishwa kufunga sailensa ya namna maalumu, na mbio za usiku zikakatazwa. Mashindano ya saa 24 yakagawanywa kuwa saa 12 leo na saa 12 kesho, magari yakifungiwa ndani usiku. Yaliendeshwa hivyo kuanzia 1929 hadi 1931. Hakuna aliyepigwa marufuku kwa sababu gari lake ni la kizamani. Waliwekewa mpaka kwenye bomba na kwenye saa.

Utaratibu huo umebaki hadi leo. Uwanja wa Laguna Seca huko California siku nyingi za mwaka hauruhusu zaidi ya desibeli takribani 90 kando ya njia, na umetenga siku chache tu za kuachia magari yenye mlio mkubwa, yakiwemo ya kihistoria. Majirani wanazijua siku hizo mapema.

Karibu na kwetu zaidi kuna Safari Rally. Ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ikaingia kwenye ubingwa wa dunia 1973, mwaka ambao Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa Datsun 240Z. Kabla yake Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alikuwa ameshinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Magari ya zama hizo ndiyo yanayoendeshwa tena katika Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003, ambayo katika baadhi ya miaka yamevuka kutoka Kenya hadi kaskazini mwa Tanzania. Porsche 911 za zamani, ambazo injini yake hupozwa kwa upepo na haina koti la maji la kufyonza sauti, husikika kabla hazijaonekana. Wananchi wa njiani hawalalamiki sana, na sababu yake ni wazi: tukio lina njia yake, lina siku zake, linapita na kwisha. Magari ni yaleyale ambayo yangefanya maisha yasivumilike kama yangekuwa yakipita Sokomuhogo kila jioni.

Kwa hiyo ulimwengu wa magari ya zamani uliishia na mambo matatu: kipimo kwenye mdomo wa bomba, mpaka wa mahali, na mpaka wa saa. Umri ulitumika kwa kazi nyingine kabisa, ya kuamua ni nani anaruhusiwa kushindana na nani.

Msimamo wa kwanza: weka kikomo cha umri

Nguvu kubwa ya msimamo huu ni wepesi wa kuusimamia. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi. Ofisa hahitaji chombo cha kupimia wala ujuzi wa injini. Nchi jirani zimeshaupitia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Kwa moshi na kwa usalama, kikomo cha namna hii kina faida ya kweli.

Udhaifu wake ni kwamba kinagusa mlango wa kuingilia tu. Vyombo vilivyokwisha kuwamo kisiwani vinabaki, na vinazidi kuzeeka kwa kuwa kununua kipya kumekuwa ghali zaidi. Kikipanuliwa hadi kuviondoa vilivyopo, mzigo wote unamwangukia mwenye kipato kidogo: mwenye daladala ya mbao ya Makunduchi, fundi anayebeba vyombo vyake kwenye Vespa. Na kwa upande wa kelele faida yake ni ndogo sana, kama tulivyokwisha kuona.

Kuna jambo la urithi pia. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, linatambua kuwa cha kihistoria chombo chenye angalau miaka 30, kilichotunzwa katika hali yake ya asili, na kisichotumika kwa usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho linawafaa wenye makumbusho ya Ulaya na haliwafai watu wa Unguja, ambako Vespa imebaki hai kwa sababu inafanya kazi kila siku. Mji ulioandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 una maisha yanayoendelea ndani yake, sambamba na majengo yake, na ungefanya vibaya kukifuta chombo ambacho ni sehemu ya maisha hayo.

Msimamo wa pili: fungia vyombo vya moto nje

Msimamo huu ndio unaopendwa na wengi katika sekta ya utalii, na wakaazi wengi pia. Uzuri wake ni kwamba unamaliza kelele, moshi na ajali kwa pamoja, na hauhitaji kumpima mtu. Mfano wa karibu ni Lamu nchini Kenya, mji uliojengwa kwa utamaduni uleule na kuingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2001, ambao kwa miaka mingi ulitegemea punda na miguu. Bodaboda zilipoingia na kuzidi, serikali ya kaunti ikazipiga marufuku ndani ya mji wa kale.

Lakini Lamu si Mji Mkongwe. Mji wa Lamu umezungukwa na bahari na mashamba. Mji Mkongwe umeshikana na mji mkubwa, na watu wanaingia na kutoka kila siku kwa soko, skuli, ofisi na hospitali ya Mnazi Mmoja. Mtungi wa gesi, mzee asiyeweza kutembea, mama mwenye uchungu saa nane za usiku, maiti inayopelekwa kuzikwa: kila kimoja kinahitaji ruhusa maalumu, na ruhusa maalumu zikiwa nyingi marufuku inakuwa jina tu. Mpango wa uhifadhi wa mwaka 1994, uliotayarishwa kwa msaada wa Aga Khan Trust for Culture, ulikwisha kuona kwamba magari ni moja ya matatizo makubwa ya mji huu, na miaka mingi baadaye suala bado liko mezani. Hilo peke yake linaonesha ugumu wake.

Zaidi ya hapo kuna suala la haki ambalo halisemwi vya kutosha. Ukizifunga Shangani na Malindi, vyombo havipotei. Vinasimama Darajani, Mlandege na Michenzani. Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kuna watu wengi zaidi kuliko Mji Mkongwe, na nyumba zao hazina kuta nene za mawe. Kuhamisha kelele kutoka kwenye mitaa ya mahoteli kwenda kwenye mitaa ya wafanyakazi wa mahoteli hayo si suluhisho ambalo serikali inaweza kulitetea mbele ya wananchi.

Msimamo wa tatu: ingiza umeme

Kwa kisiwa chenye urefu wa kilomita 85 hivi, pikipiki ya umeme inafaa kuliko karibu mahali pengine popote katika Afrika Mashariki. Nairobi na Kigali zimekwisha kuwa na kampuni zinazokodisha betri na kuzibadilisha vituoni, kwa hiyo dereva hahitaji kusubiri kuchaji. Injini ya namna hii haina bomba la kutoboka wala sailensa ya kuliwa na chumvi.

Ugumu uko kwenye mtaji wa kuanzia, na kwenye umeme wenyewe, unaotoka Bara kwa waya wa megawati 100 wakati mahitaji ya mahoteli yanapanda. Pia chombo kisicho na mlio kabisa kina hatari yake katika vichochoro. Umoja wa Ulaya umeyalazimisha magari mapya ya umeme kutoa sauti maalumu kwenye mwendo mdogo tangu 2021 kwa ajili hiyo. Umeme ni jibu la muda mrefu, nami naliunga mkono, lakini anayelala Kiponda usiku wa leo hawezi kuusubiri.

Msimamo wa nne: pima sauti

Kanuni ya kupima ipo na inatumika katika nchi nyingi. Kipaza sauti kinawekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, kikiwa usawa wa bomba. Injini inapandishwa hadi mzunguko uliowekwa, ambao kwa pikipiki nyingi ni nusu ya ule unaotoa nguvu ya juu kabisa, kisha mafuta yanaachiwa. Desibeli kubwa iliyosomeka inaandikwa. Kazi nzima ni ya dakika chache, na Vespa ya 1972 na pikipiki mpya ya Boxer zinapimwa sawa.

Hesabu ya desibeli inaongeza uzito wa msimamo huu. Pikipiki moja yenye desibeli 100 inatoa nguvu ya sauti sawa na pikipiki 10 zenye desibeli 90. Maana yake ni kwamba vyombo vichache vilivyoharibika sailensa ndivyo vinavyotengeneza sehemu kubwa ya kero, na ukivirekebisha hivyo vichache mtaa unatulia bila kumgusa mwingine. Kikomo cha umri kinafanya kinyume: kinawagusa wengi ili kuwafikia wachache.

Udhaifu upo. Kipimo kinahitaji kifaa kilichohakikiwa kila mwaka na mtu aliyefundishwa, vinginevyo kitakuwa chanzo kipya cha mabishano na rushwa barabarani. Kamera za kelele zilizojaribiwa Ufaransa kuanzia 2022 hazitufai, kwani katika kichochoro chenye mwangwi ni vigumu kujua sauti ilitoka kwenye chombo kipi. Na adhabu inataka kipimo chake pia. Falme za Kiarabu zinamtoza mwenye gari la kelele dirhamu 2,000 na pointi 12 za adhabu kwenye leseni. Faini ya ukubwa huo Unguja ingemfanya dereva akimbie, na ajali ikafuata.

Nani mwenye mamlaka

Hapa ndipo mambo mengi yanapokwama. Sheria ya usafiri wa barabarani ya Zanzibar ni ya Zanzibar, lakini askari anayeisimamia ni wa Jeshi la Polisi, ambalo ni jambo la Muungano. Mazingira yana sheria yake ya 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Viwango viko chini ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar. Mitaa ya Mji Mkongwe iko chini ya Mamlaka ya Hifadhi iliyoanzishwa 1985, na maegesho yanaihusu Manispaa. Kanuni za kelele za Bara za 2015 haziwezi kuchukuliwa tu na kutumiwa huku. Kila taasisi ina kipande cha suala, na mkaazi anayelalamika huelekezwa kutoka mlango huu hadi ule.

Mgawanyo huu una faida moja ambayo haijatumika. ZBS ina kazi ya vipimo na viwango, kwa hiyo ndiyo inayofaa kuweka desibeli na kuhakiki vifaa. Ukaguzi wa mwaka wa vyombo ndio mahali pa kupimia, nje ya barabara na mbali na mabishano. Polisi wabakiwe na kazi moja: kukirudisha kwenye ukaguzi chombo chenye mlio unaotia shaka. Mamlaka ya Mji Mkongwe iongeze mpaka wa saa kwa mitaa yake, vyombo vya biashara visiingie vichochoroni usiku isipokuwa kwa dharura, na majenereta yawekewe mpaka huohuo.

Mizani

Ukiyaweka yote pamoja, kikomo cha umri kinafaa kwa moshi na kibaki huko. Marufuku kamili ni nzito mno kwa mji ulioshikana na jirani zake, ila mpaka wa saa, ambao ni marufuku ndogo, una faida nyingi kwa gharama ndogo. Umeme uhimizwe kwa kupunguziwa kodi. Kwa kelele yenyewe, kipimo cha sauti kinaishinda misimamo mingine, kwa sharti kwamba anayepatikana na kosa la kwanza apewe muda wa kutengeneza kabla ya faini. Sharti hilo halina maana kama sailensa haipatikani kwa bei anayoiweza, kwa hiyo serikali ianze kwa kuondoa ushuru kwenye sailensa za vyombo vidogo na kuingiza zile zilizopakwa kinga ya chumvi.

Na kazi ianzie Michenzani na Mwanakwerekwe, kabla ya Shangani. Huko ndiko ziliko gereji nyingi na ndiko madereva wanakoishi. Pikipiki iliyotengenezwa sailensa huko inaingia Mji Mkongwe ikiwa imeshatulia, na mtoto wa Ng'ambo naye atakuwa amelala.